Fundi Anayesubiri Mkewe Arudi Kuharibu Klachi

Asubuhi, kabla hajagusa gari la mteja yeyote, fundi anavua turubai linalofunika gari dogo jeupe lililoegeshwa mwisho wa uwanja wa gereji yake. Anaketi nyuma ya usukani, anawasha injini, anakanyaga pedali ya klachi hadi chini, anaiachia. Anakanyaga tena. Gari haliendi popote.

“Gari likisimama muda mrefu, pleti ya klachi inaganda,” anasema huku akifuta mikono. “Siku unataka kuondoka, gia zinakugomea.”

Gari ni la mkewe. Mkewe yuko nchi ya mbali, mwaka wa nne sasa, anatunza wazee majumbani mwa watu.

Wateja wanamwita Bwana Sikio, kwa sababu gari la zamani la gia za mkono hulisikiliza kwanza, spana baadaye. Leo wa kwanza kufika ni muuguzi aliyetoka zamu, uso umemkunjamana.

“Fundi, gereji nyingine wameniambia giaboksi imekufa.”

“Imekufa? Na mazishi lini?”

“Usinicheke, kaka. Nikikanyaga mafuta injini inalia, gari linajikokota. Kwenye mlima ndiyo aibu, hata mkokoteni unanipita.”

Fundi anaingia, anavuta breki ya mkono, anaweka gia ya tatu, anaachia klachi taratibu huku akiongeza mafuta kidogo. Injini ilipaswa kuzimika. Haizimiki. Inanguruma tu, na harufu ya kuungua inapanda.

“Giaboksi yako nzima. Gia zinaingia laini, hazichomoki, hazisagi. Klachi ndiyo imekwisha, inateleza. Hebu niambie, dada, ukiendesha, mguu wa kushoto unauweka wapi?”

“Si juu ya pedali? Ili niwe tayari.”

“Basi hapo ndipo ulipoimaliza. Inajisugua safari nzima na wewe hujui.”

Fundi anacheka, kisha kicheko kinakatika. Mkewe ana mguu huohuo. Amemfungia klachi mpya mara tatu, na mara zote tatu waligombana.

“Nilimwambia, ‘Mke wangu, pedali si mto wa kulalia.’ Akanijibu, ‘Kwani nimeolewa na fundi wa nini?’”

Mkataba wa mkewe unaisha mwezi ujao. Waajiri wake wanamtaka abaki miaka miwili zaidi. Alimuuliza mumewe afanyeje. Fundi akajibu, “Fanya unavyoona wewe.”

Jibu la woga hilo. Jeki kubwa ya kunyanyulia magari pale gerejini imetokana na jasho la mkewe, karo za watoto pia, na gereji yenyewe ina siku za kufurika na siku za kupiga miayo. Fundi anaona hana uso wa kumwambia mtu huyo aache kazi arudi.

Kila Jumapili wanapigiana simu. “Gari langu halijambo?” ndilo swali la kwanza la mkewe, naye fundi anaisogeza simu karibu na injini asikie mwenyewe. Jumapili iliyopita mkewe alisikiliza, kisha akasema, “Kitanda cha huku ni kikubwa mno.” Fundi akasingizia mtandao, akakata.

Muuguzi amesimuliwa yote hayo akiwa amekaa juu ya tairi kuukuu, na havumilii.

“Wifi yangu anasubiri useme neno, wewe unamsikilizisha injini!”

“Maneno hayanitoki, dada.”

“Ya giaboksi mbona yanakutoka?”

Fundi anaenda kwenye gari jeupe, anainama, anatoa boksi chini ya kiti cha dereva. Ndani yake mna pleti ya klachi, mpya kabisa, bado imo kwenye nailoni ya kiwandani.

“Kwani gari hili nalo lina tatizo?” muuguzi anashangaa.

“Halina. Ila akirudi ataimaliza iliyomo. Namjua.”

Anairudisha pleti ndani ya boksi kwa uangalifu, kama anayefunika mtoto. Jumapili hii, anasema, hatangoja aulizwe habari za gari.

“Nitaanza mimi. Nitamwambia rudi nyumbani, tutabana matumizi, nimechoka kukukanyagia pedali.” Anatazama kiti cha dereva. “Na akifika, mguu wake aulaze anapotaka. Sitasema kitu.”