Mwalimu Anayenadi Darasa la Kwanza Sokoni

Jua halijakaza, na kati ya meza ya vitunguu na meza ya nyanya ubao umeshasimamishwa. "Karibuni, kuonja ni bure!" anaita mama mmoja mwenye chaki mkononi. Bidhaa yake ni darasa la kwanza.

Wachuuzi wamempachika jina, Mwalimu Soko, wala halimkeri. Siku hizi fedha za serikali zinamfuata mtoto: mzazi akichagua shule, iwe ya umma au ya binafsi, ruzuku inakwenda huko. Na mkabala na shule yake ya umma imefunguliwa ya binafsi, yenye basi la njano. Likizo ilipoanza, darasa lake lilikuwa limeandikisha watoto kumi na tisa. Wasipofika thelathini kufikia Jumatatu, litafungwa.

"Wameleta soko? Basi tukutane sokoni!" anasema, akicheka mpaka mabega yanatikisika.

Likizo hii yote amekuwa akiwakusanya watoto wa wachuuzi na kuwafundisha kusoma kwa vibao vya bei, wazazi wakijionea wenyewe. Mambo yalikwenda vizuri hadi juzi, mama muuza vitunguu alipomtupia swali.

"Mwalimu, usinifiche. Mtoto wako anaanza shule wapi?"

Lo! Meza zote zikageuka kumtazama.

"Nilitamani ardhi inimeze," anakiri. "Nikasema kweli: nimemwandikisha hapo ng'ambo, kwenye shule ya basi la njano. Niliogopa darasa letu halina vitabu vya kutosha, na mwalimu wake ni mimi! Mpishi akisusa chungu chake, nani atakula?"

Muuza vitunguu hakumcheka. "Mlete wako, shoga, nami nitamleta wangu. Na wa dada yangu."

Jioni ile mwalimu alimkalisha bintiye jikoni, akamweleza kuwa amemhamishia darasani kwake. Mtoto akauliza kama basi la njano litampitia.

"Hapana, mwanangu. Tutatembea."

"Nikikosea, utanitolea macho kama nyumbani?"

"Nitakutolea kama wenzako wote."

"Haya. Lakini nikae mbele."

Leo wamefika ishirini na saba, na mwalimu bado ananadi. Akilipata darasa, ana mpango wa kuwaomba wazazi wachangie kabati la vitabu.

"Na watoto wasipotimia thelathini, mimi na binti yangu sote tutakosa darasa," anasema akifuta ubao. "Lakini sasa nikimwambia mzazi niletee mwanao, namtazama usoni."