Mbavu za Kazungu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mtaa wetu mzima wa Shika Adabu hakukuwa na wa kunishinda kwa kuhesabu. Sijisifu, waulizeni waliobaki. Nilikuwa nikisimama chini ya mnazi, nikitaja idadi ya nazi zilizo juu, na mwenye shamba akishaupanda na kuziangusha anakuja kunipa mkono kama mtu mzima. Shule niliiacha darasa la sita, kwa sababu zangu na za mwalimu, lakini hesabu haikuniacha. Na uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, nami nimesema mwingi, ulitokana na kazi ya kuhesabu.

Kazi hiyo alinipa Nyanya, mamake baba. Alikuwa Mrabai aliyehamia Likoni na mumewe zamani, mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili. Katika yote aliyosikia kanisani, hakuna alilolishika kama habari ya ubavu wa Adamu. Kwamba Mungu alimlaza yule mtu wa kwanza usingizi mzito, akamtoa ubavu mmoja, akamfanyia mke. Mhubiri aliishia hapo. Nyanya aliendelea na hadithi mpaka nyumbani. Kwake yeye, kila mwanamume aliyeandikiwa mke amepungukiwa ubavu mmoja, upande wa kushoto. Ukimkuta ametimia, kumi na mbili huku na kumi na mbili huku, basi jua mke wake hajaumbwa.

"Huyo ukimpa binti yako," alikuwa akisema, "atamrudisha."

Jirani yetu Bi Mwanasha, Mdigo na Mwislamu wa swala tano, alikuwa akilisikia hilo na kutikisa kichwa kukubali. Wale wazee walibishana mambo mengi ya dini huku wakichambua mchicha, lakini kwa ubavu hawakubishana hata siku moja.

Nyanya alikuwa na sababu yake. Binti yake wa kwanza aliolewa na mtu ambaye hakuna aliyemhesabu, akarudi nyumbani baada ya miaka miwili, meno mawili hana. Kwa hiyo Shangazi Dama, kitinda mimba, alipolitaja jina la Kazungu, Nyanya hakuuliza habari za ukoo wala mshahara. Aliuliza mbavu.

Kazungu alikuwa dobi katika hoteli moja kule Shanzu, kijana mwembamba, mwenye adabu ya kupita kiasi. Nilimwona kwa macho yangu akimpisha kuku njiani. Shida ilikuwa nani wa kumhesabu. Mama mkwe haangalii kifua cha mkwewe, hilo hata leo ni aibu. Babu alikwisha kufa, baba yuko kazini Voi. Nikabaki mimi.

"Mume wangu," Nyanya akaniita, maana ndivyo bibi anavyomtania mjukuu.

"Naam, Nyanya."

"Jumapili yule mtu akishakula atajinyoosha barazani. Akilala, mhesabu. Anza kushoto."

"Na akiamka je?"

"Mwambie unamfukuzia nzi."

Jumapili Kazungu akaja, akala wali wa nazi na samaki mpaka akaona haya, joto likamshinda, akavua shati na kulala mkekani. Mbavu zake zilijipanga kama mabati ya paa. Kwa mtu kama mimi ile haikuwa kazi, ilikuwa mchezo. Nikapitisha kidole, kushoto kumi na mbili. Nikazunguka kulia, kumi na mbili. Nikarudi kushoto.

"Unafanya nini, bwana mdogo?" Macho yake yalikuwa bado yamefumba.

"Nakufukuzia nzi."

"Nzi gani hao? Nimekusikia unasema kumi na mbili."

Nikamweleza yote. Sikuwa na siri wakati ule, na nilidhani atacheka, kwani alikuwa mtu wa mjini, mtu wa hoteli. Hakucheka. Alikaa kitako, akatia mkono chini ya kwapa la kushoto, akaanza kujihesabu mwenyewe, midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho akaanza tena.

"Labda umeruka mmoja," akasema.

"Mimi siruki."

"Hesabu tena, ndugu yangu. Tafadhali."

Mtu mzima aliniita ndugu yake. Nikahesabu tena polepole, tukihesabu pamoja kwa kunong'ona, na zikawa kumi na mbili. Jikoni Shangazi Dama alikuwa akisugua sufuria na kucheka na mtu. Kazungu akaugeukia ule mlango wa jikoni, akautazama kama mtu anavyoitazama feri iliyokwisha kung'oa nanga.

Kisha akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa vipande vinne vya siagi, vile vidogo vya mezani hotelini, vimefungwa kwa karatasi ya kumetameta.

"Mwambie kumi na moja."

Ningependa kuwaambia kuwa nilikataa. Nilivila vyote vinne nyuma ya choo, bila mkate, nikalamba na karatasi. Watu hushangaa kwamba Adamu aliiuza bustani nzima kwa tunda. Mimi sishangai. Lake angalau lilikuwa bichi. Mimi niliuza neno langu kwa siagi iliyokwisha kuyeyuka.

"Kushoto kumi na moja, Nyanya," nikasema.

"Umegusa, au umeangalia?"

"Nimegusa."

Akaninyanyua kidevu. "Mbona mdomo unang'aa?"

"Mafuta ya nazi. Ya samaki."

"Haya," akasema, akaenda kuwaambia wazee wa kina Kazungu walete mahari.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilikula, nikacheza, nikasahau. Ndivyo uongo ulivyo ukiwa mchanga, haulii.

Mwaka uliofuata Shangazi Dama alijifungua mtoto wa kiume, na siku ya nane wakamzika. Baada ya miezi kama mitatu, siku moja mchana, nilimwona akiingia uani kwetu na begi. Peke yake. Alipita bila kunisalimia, mimi niliyekuwa mtoto wake wa kupendwa, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nikamsikia Bi Mwanasha akimuuliza Nyanya kwa sauti ya chini, "Amerudishwa?"

Mtoto amekufa, na shangazi amerudishwa, kama ilivyosemwa. Na duniani kote tulikuwa wawili tu tuliojua sababu, mimi na Kazungu. Nikaingia katika banda la kuku, nikajikunja nyuma kabisa, na kuku mmoja akanipanda begani akatulia kama mwenye banda ni yeye, naye kweli ndiye.

Jua likapungua kidogo. Nikasikia kandambili za Nyanya zikija uani.

"Uko wapi?"

Akainama mlangoni mwa banda.

"Mbona umejificha?"

"Naogopa."

"Nani kakwambia kuna la kuogopa?"

"Si mimi, Nyanya! Ni Kazungu! Yeye ndiye kanipa siagi! Na wewe, wewe ndiye uliyenituma!"

Kwa pumzi moja niliwasonta kidole aliyenipa na aliyenituma, na mimi mwenyewe nikabaki safi katikati ya mavi ya kuku. Nimeifikiria sana pumzi ile. Siagi nilikuwa nimeshaisahau. Kilichonionesha mimi ni mtu wa namna gani ni jinsi kidole kilivyokuwa chepesi kuinuka.

Nyanya hakukasirika. Alikaa chini pale pale, khanga yake vumbini.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili. Pande zote."

Akamsubiri yule kuku ashuke begani pangu. Kisha akasema, "Za babu yako pia zilitimia."

Nikamkodolea macho.

"Nilimhesabu akiwa juu ya mnazi, anagema, hana shati. Mamangu akaniuliza, nikamwambia kumi na moja. Nikakaa naye mpaka nikamzika."

"Sasa mbona wewe—"

"Nyamaza. Simama ujipanguse. Nenda kamwambie shangazi yako yote, wewe mwenyewe, kwa mdomo huo huo uliokula siagi."

Sijawahi kutembea njia ndefu kama zile hatua kumi na saba za uani. Shangazi Dama alikuwa ameketi kitandani, begi bado limefungwa. Nikasema yote, nikimwangalia vidole vya miguu.

"Alijihesabu mwenyewe?" akauliza.

"Mara mbili. Halafu tukahesabu pamoja."

"Akasemaje?"

"Aliniomba nihesabu tena. Akautazama mlango wa jikoni ulimokuwa."

Ndipo akaniambia, au labda alijiambia mwenyewe, kwamba hakuna aliyemrudisha. Alirudi kwa miguu yake. Tangu wamzike mtoto, Kazungu hakuwa na neno, akilala anaelekea ukutani, na yeye akaona heri aondoke kabla hajaambiwa tumbo lake halifai.

"Kumbe anajilaumu yeye," akasema. "Mjinga yule. Mjinga, wallahi. Miezi mitatu!" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kilio akanivuta akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Asubuhi nilimbebea begi mpaka kivukoni.

Wapo mpaka leo, Kazungu na Dama, na watoto watatu. Kazungu amenenepa, sasa hata mimi nisingeweza kumhesabu. Nami nilipofika umri wa kwenda zahanati kwa miguu yangu niliona picha ya mifupa ukutani, nikajua kwamba wanaume wote wametimia, na wanawake vilevile.

Kuhusu babu sikuwahi kupata hakika. Nilimkuta Nyanya katika siku zake za mwisho nikataka kumuuliza kama kweli alimdanganya mamake, au aliitunga ile hadithi bandani kwa ajili yangu. Nikashindwa.

Lakini mwaka jana, nikiisoma habari ya bustani polepole kwa miwani, niliona kitu ambacho hakuna mhubiri aliyenionesha. Baada ya maswali, baada ya kusontana vidole, na kabla ya kufukuzwa, Mungu mwenyewe aliwashonea wale wawili mavazi ya ngozi akawavika. Kosa halikufutwa na safari haikuahirishwa. Ila hakuwaacha waende uchi.

Nyanya naye hakuniondolea langu. Alinituma nilipeleke mwenyewe mpaka mlangoni kwa shangazi. Lakini kabla ya kunituma alinivika kitu, nikatembea zile hatua nikijua kuwa si mimi peke yangu katika ukoo ule niliyewahi kuhesabu kumi na mbili na kusema kumi na moja. Kama vazi lile lilikuwa la kweli, au alilishona pale pale vumbini, siku hizi sioni tena haja ya kuuliza.