Kilomita za Toronto

Boke anakaanga samaki mtaa wa Kamunyonge, na mtu asikudanganye, mji mzima wa Musoma hakuna anayeiamini simu yake kama yeye. Mvua itanyesha? Anaiuliza simu. Mtoto ana homa? Simu kwanza, zahanati baadaye. Mimi jirani yake nilimtania sana kwa hilo, kabla ya msiba.

Baba yake alipofariki kule Kiabakari, swali lilikuwa moja tu: Mniko atafika lini? Mniko ni mdogo wake Boke, mtoto wa kiume pekee, yuko Toronto mwaka wa tisa huu. Katika ukoo wao udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Bila yeye mzee hafukiwi. Mniko alituma ujumbe kwamba amepata tiketi na anapanda ndege sasa hivi, kisha hakupatikana tena. Boke akaiuliza simu yake kutoka Toronto mpaka Mwanza ni mwendo gani. Ikajibu: kilomita elfu kumi na mbili, saa kumi na tano angani.

"Kesho asubuhi yuko Mwanza, alasiri tunazika," akawaambia wazee. Kulipokucha, baba mdogo Gesase akaamuru kaburi lichimbwe.

Namba ile haikuwa ya uongo. Ni mwendo wa ndege inayokata moja kwa moja bila kutua popote, na ndege hiyo haipo. Mniko alikuwa amekwama Addis Ababa, ndege ya pili imemwacha, anasubiri ya kesho yake. Alipiga simu waombolezaji wameshajaa chini ya maturubai. Boke akageuka kulitazama kaburi. Maana ukoo wao una mwiko mwingine: kaburi likishachimbwa halilali wazi.

"Sisi tunakuwaga na mila, wewe unatuletea mambo ya simu!" Gesase alifoka. "Sasa nani atatupa udongo?"

Boke alilia tu. Roho iliniuma, kwa sababu huyu ndiye aliyekuwa akienda Kiabakari kila Jumamosi na mchuzi wa samaki kwenye hotipoti, akamkata baba yake kucha, akambadilishia shuka. Miaka yote tulijisifia mtoto wetu wa Toronto. Huyu wa karibu hatukuwahi kumsifu hata siku moja, na mimi nikiwamo.

Jua lilikuwa linashuka. Mama yao akainuka kwenye mkeka.

"Gesase, mnamsubiria nani?"

"Mtoto wa kwanza, shemeji."

"Mimi nilianzaga na Boke." Akamshika bintiye mkono, wakaenda hadi ukingoni mwa kaburi. "Wa kwanza wangu ni huyu. Na alishafikaga zamani."

Gesase alilitazama jua, akalitazama kaburi, kisha akasogea pembeni. Boke akainama, akachota udongo.