Vigingi vya Watafiti wa Biva

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipofika bustanini Hayes, huku ughaibuni, na kukuta vigingi. Ni kile kipande tulichokodi kwa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, kando ya kijito, ninapopanda mchicha na matembele. Vigingi vilikuwa na vichwa vyekundu, vimepita katikati ya tuta langu kana kwamba mimi sipo.

Wewe umezaliwa hapa, hujui kigingi chekundu ni nini. Mimi najua. Nyumbani Dar es Salaam alikuja mpima ardhi kwa baba, kijana mpole, akakaribishwa chai, akapigilia vigingi kama hivyo, akasema ni utafiti tu. Baba alimuuliza maswali mengi, na kila swali lilipata jibu palepale. Kisha likaja tingatinga. Nililia mpaka sauti ikakauka, na tangu hapo mtu mpole mwenye mkanda wa kupimia hanipati.

Basi nikashika kigingi cha kwanza, tayari kuking'oa. Bi Mwanaidi akaniona. Huyo alikuwa mama wa Tanga aliyelima kipande cha jirani, mkubwa kuliko mama yangu mzazi, na hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Acha hicho," akasema. "Ukiking'oa, hata kama wao ni wezi, mkosaji utakuwa wewe. Mwenyewe yuko pale kijitoni. Kamuulize."

"Watanidanganya, Bi Mwanaidi."

"Basi wakudanganye unawatazama usoni. Hivyo vijiti vimekukosea nini?"

Nikaenda shingo upande. Nilimkuta binti wa chuo kikuu, Mkenya aliyezaliwa hapahapa, amevaa mabuti ya mvua. Akanieleza kwamba huko juu ya kijito wamerudishwa biva, wanyama wa manyoya wenye mikia bapa, wanaoguguna miti na kuziba maji kwa matawi na matope. Zamani waliwindwa nchi hii mpaka wakaisha. Sasa watafiti wanapima, kwa vigingi hivyo, kama mabwawa yao yanapunguza mafuriko huku chini, na kama samaki, vyura na kerengende wanarudi.

Sikuamini hata neno moja. Yaani mnyama mithili ya panya ndiye afanye kazi ya mainjinia? Nikamwambia anioneshe. Akanipeleka, na kweli nikaona lundo la matawi, nyuma yake maji yametulia, yanavuja kidogo kidogo, na ndege wamejaa. Pazuri, siwezi kusema uongo. Lakini pazuri ndipo watu wanapopatamani, nami wasiwasi ukanizidi. Nikamuuliza lililokuwa moyoni.

"Mkimaliza kupima, mkaona biva wana faida, bustani yangu mtawapa wao?"

Binti akanitazama usoni. "Honestly, Auntie, sijui. Hakuna mtu ameniambia. Lakini nitamuuliza profesa, halafu nikuambie, even if it's bad news."

Hapo ndipo moyo wangu ulipolegea, mwanangu. Mpima wa baba hakuwahi kusema hajui.

Na alirudi kweli, tena na profesa mwenyewe, naye profesa akatamka mbele ya Bi Mwanaidi kwamba bustani zetu hazitaguswa, na vigingi vitatolewa baridi ikiisha. Vilipotolewa nilikuwepo, nimesimama na jembe mkononi, mpaka cha mwisho kilipoingia garini. Nilimwamini yule binti, ndiyo, lakini si kiasi cha kukaa nyumbani.

Sikuambii uache kushuku. Shuku, tena sana; mji huu una watu wengi wenye sauti laini. Ila usishuku kimyakimya, na usifanye lolote kabla hujamkabili mtu ukamuuliza. Kesho unakwenda Hounslow kuangalia chumba, na huyo dalali, kwa unavyonisimulia, ana jibu la kila kitu. Muulize jambo ambalo hawezi kulijua: mpangaji wa ghorofa ya juu atahama lini? Akisema hajui, kaa umsikilize. Akikujibu haraka huku anacheka, beba mkoba wako uondoke, hata kama chumba kinaingia jua.

Nenda salama. Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, akukutanishe na watu wasioona haya kusema hawajui, na akujalie paa ambalo hakuna atakayekutoa chini yake.