Fagio la Bwana Usafi

Mtunza ndege wa bustani ya wanyama, aliyebandikwa jina Bwana Usafi, alikuwa roho juu. Tausi wake wamekonda, kinyesi kimejaa minyoo. Kila asubuhi alianzia kwao na fagio lake moja, lile ambalo mkewe aliliita mke mwenza. Akasugua hadi sakafu ikang'aa, kisha akaingia kwa kasuku, akamalizia kwa korongo.

Kasuku nao wakanyong'onyea. Akazidisha bidii, akawa anafagia kutwa mara mbili. Leo korongo wamegoma kula.

Daktari wa wanyama akainuka kwenye hadubini. "Mayai ya minyoo ni yale yale kwa ndege wote, kaka. Vizimba haviungani, na minyoo haina miguu. Nani anaibeba?"

Bwana Usafi akafungua mdomo ajibu, akaona macho ya daktari yametua kwenye fagio.