Mhenga wa Miaka Minne

Mtoto wa Emmy alikuwa amelia siku nne, na Nabwile, mama yake Emmy, hakuwa na mgongo tena wa kumbebea. Miaka thelathini ya kuinamia magunia ya mboga za sucha na saga katika soko la Kitale ilikuwa imeumaliza. Alikuja huku Bokoli kumsaidia bintiye aliyejifungua, akidhani pia atapumzika kidogo.

Zahanati walisema mtoto hana ugonjwa. Basi asubuhi hiyo Peris, mama mkwe wa Emmy, akavuta kiti, akasema kilio hicho ni cha kutafuta jina. Wahenga waitwe mmoja mmoja. Yule ambaye mtoto atanyamaza akitajwa, ndiye aliyemchagua.

Sokoni, Nabwile alilisikia neno wahenga kila siku. Wahenga ni wale ambao mtangazaji wa redio husema walinena, kisha anatangaza sabuni. Vijana wa bodaboda humwita yeyote anayekumbuka nauli ya zamani mhenga. Kwa Peris neno lilikuwa zito zaidi: ni wafu wa ukoo, waliozeeka wakaacha wajukuu.

Peris akawataja, wa upande wa baba, kisha wa upande wa mama. Mtoto akawalilia wote.

"Kwenu hakuna mwingine, Mama Emmy?"

Alikuwepo. Nabwile alimzika kabla Emmy hajazaliwa, na kwa kuwa alikuwa mtoto, hakuna aliyemtaja tena.

"Namarome," akasema.

Peris akauliza huyo aliacha wajukuu wangapi.

"Alikuwa na miaka minne. Ni dada yake Emmy."

"Si huyo ni mtoto, bana. Mhenga gani hajang'oa hata jino la kwanza?"

"Alitangulia," Nabwile akasema polepole. "Mimi mzee nimebaki nyuma yake. Kama huyo si mhenga, basi mniambie ni nani."

Wakamtazama mtoto. Hakunyamaza. Peris akafungua viganja, kana kwamba jibu limeshatoka.

Emmy akachukua kadi ya kliniki, akaiweka juu ya goti, akaandika jina: Namarome.

"Lakini bado analia," Peris akasema.

"Acha alie, mama," Emmy akasema. "Atalizoea."

Namarome wa kwanza hakuwahi kuandikwa popote. Nabwile akaomba kadi, akaitazama mpaka herufi zikaanza kuingiliana, kisha akairudisha na kuuliza kama maji ya kuoga yameshapata moto.