Nyayo za Ndege Iliyozima Injini

Katika miaka yangu ya uhakimu nilikataa ushahidi wa kusikia hata ulipotoka kwa watu ninaowaheshimu. Kwa hiyo, zilipozagaa habari hapa Bariadi kwamba binti wa marehemu kaka yangu amekataliwa mtandaoni kwa udanganyifu, sikumtetea wala sikumlaumu. Nilimwita nyumbani, nikamtaka aeleze.

Binti huyo, ambaye kwa desturi yetu ni binti yangu, ni fundi wa ndege. Huko alikosomea alijifunza pia kurusha ndege ya kuelea, chombo chepesi chenye mabawa marefu na membamba. Ile anayoazima ina injini ndogo ya kuinukia, ambayo ikishafika juu huzimwa na kukunjwa tumboni. Baada ya hapo rubani hutegemea hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, kama wafanyavyo mwewe. Marubani wa namna hiyo hushindana kupitia mtandao: kila mmoja huruka kwao, kisha hutuma faili la kinasa-safari, kifaa kidogo kinachoandika kila mahali ndege ilipopita, na tovuti hukokotoa pointi.

Mwezi wa tisa aliruka kutoka uwanja wetu wa vumbi, akapita Mwamapalala, akafika Lingeka kule Meatu, akageuka kaskazini kuelekea Nassa, kisha akatua Bariadi jua likiwa limeinama. Ilikuwa safari bora ya maisha yake, na tovuti ikaikataa. Kinasa-safari chake ni cha zamani, alichoachiwa na mwalimu wake. Muhuri wa siri unaolifunga faili ili lisichezewe umekuwa dhaifu mbele ya kompyuta za leo, na tangu msimu huo vifaa vya aina ile havipokelewi tena. Tangazo lilikuwapo, yeye hakulisoma. Alimwonyesha mtu mmoja kwenye simu maandishi mekundu ya tovuti, kwamba muhuri wake hauaminiki, na kufikia jioni mji mzima ulikuwa umeshatoa hukumu.

"Sheria yao ni ya haki," aliniambia. "Muhuri unaoweza kughushiwa si muhuri. Pointi sizililii, baba mdogo. Kinachoniuma ni kuitwa mwongo nyumbani."

Jibu hilo lilinipendeza, lakini jibu zuri si ushahidi.

Sisi Wasukuma tunayo sheria ya nyayo. Ng'ombe wakiibwa, wenye mali hufuata kwato hadi mpakani mwa kijiji; hapo wenyeji huzipokea, na ni juu yao kuonyesha zilikoelekea. Kijiji kisichoweza kuonyesha kwato zikitoka hubaki na kesi. Nilimwambia kwamba tutafuata nyayo zake vivyo hivyo. Alicheka, akasema kwamba hewani hakuna vumbi la kushika kwato. Nikamjibu kwamba chini yake kulikuwa na macho. Nilimpa sharti moja: asiseme neno mpaka shahidi amalize. Mimi nami nisingetaja ndege. Ningeuliza tu walichokiona siku iliyofuata mnada wa mwezi wa tisa, ndiyo siku aliyoruka. Ramani iliyochorwa kutoka kwenye lile faili niliikunja mfukoni.

Mwamapalala, wachungaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe kwenye lambo walieleza juu ya kitu cheupe kilichopita kimya kikielekea kusini. Walitusindikiza hadi mpakani kwa heshima zote za desturi, na mmoja wao akatuonya tusije tukarudi kuwadai: kwato zimeshatoka kwao.

Lingeka tulimkuta mama akichoma mabua ya pamba, kama sheria inavyotaka baada ya mavuno. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," mayu ikiwa ni mama, naye akatueleza bila haraka. Siku ile pia alikuwa akichoma. Kitu kile kilishuka hata akausikia mvumo wake, kama upepo katika mabua ya mahindi, kikaanza kuzunguka juu ya moto wake pamoja na mwewe waliofuata panzi. Kikapanda na moshi hadi kikawa kidogo.

"Nikasema, huyu naye kumbe anatafuta panzi," alisema.

Nilifungua ramani. Palepale mstari ulishuka karibu na ardhi, ukajiviringa, ukapanda. Hapo ndipo binti yangu aliponieleza kwamba alikuwa ameshachagua shamba la kutua alipowaona wale mwewe, akawafuata. Nimewaona watu wengi wakijitapa kwa ujasiri, lakini huyu hata hakuwa amenisimulia kisa hicho.

Nassa, mzee mmoja aliyekuwa akianika dagaa alitupokea kwa ukarimu uliopita kiasi. Alisema chombo kilipita juu ya paa lake, kikaingia ziwani mbali sana, kikageukia huko kwenye maji makuu. Majirani waliitikia kwa vichwa. Kando yao walisimama wachuuzi wa dagaa kutoka Bariadi, walewale walioieneza ile hukumu, nao sasa walikuwa wakisikiliza kwa mshangao. Kunyamaza tu kungetosha kumsafisha. Mzee alipomaliza, binti yangu alisema kwa upole:

"Hapana, baba. Ziwa nililiona kwa mbali tu. Niligeuka kabla ya kufika kwenu."

Mzee alimkazia macho. "Mayu, nakupa ziwa zima bure, nawe unalikataa?"

"Si langu, baba."

Watu waliangua kicheko, mzee akiwa wa kwanza, akatufungia dagaa wa njiani. Nassa haikubaki na kesi, kwa kuwa nyayo hazikuwahi kuingia.

Tuliporudi Bariadi, habari ya binti aliyepewa ziwa akalikataa ilikuwa imetutangulia. Faili lile bado halipokelewi, na ni haki lisipokelewe. Ameshaagiza kinasa-safari kipya. Lakini sijamsikia tena mtu akimwita mwongo. Juzi sokoni nilisimuliwa kisa hicho na mtu asiyejua kwamba nilikuwapo. Alidai kwamba binti alilikataa ziwa huku akilia. Nikamsahihisha kwamba hakulia. Mengine nilimwacha aendelee.